Mpira Uliovuka Mstari

Kila mwaka mpunga ukishavunwa na watu wakisharejea mjini kutoka mashambani, vijana wa mtaa wetu hapa Ifakara huanza tena mashindano yao ya mpira wa miguu. Na kila mwaka, siku chache kabla ya fainali, hutokea kijana akaja katika kibanda changu cha kutengenezea baiskeli, akavuta kigoda, akaniambia, "Mzee, tusimulie habari za mwaka 1999." Habari hiyo wameipokea kwa baba zao na kaka zao. Wanajua ya kuwa mimi nalikuwa mlinda mlango, ya kuwa katika dakika za mwisho mpira uligonga mwamba ukashukia juu ya mstari, na ya kuwa nalijitupa nikaudaka kwa mkono mmoja, tukapata ng'ombe. Mara mbili nimeitwa kuwakabidhi washindi zawadi kwa sababu ya mkono huo. Mwaka huu walikuja vijana sita pamoja, wakataka niiandike habari hiyo wawe nayo katika karatasi. Nimekubali, na hii hapa. Walakini siyo ile waliyoizoea.

Msomaji asiyeijua nchi yetu yampasa kwanza aelewe jinsi tunavyoishi. Bonde la Kilombero limelala baina ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na katikati yake unapita mto Kilombero ukienda kuungana na Luwegu na kuwa Rufiji. Masika yakifika, mto hufurika, bonde likawa ziwa la majani. Huo ndio wakati wa mpunga. Nyumba nyingi za mjini hufungwa, na watu huhamia shamba pamoja na watoto, sufuria na vyandarua, wakakaa huko miezi mingi wakilima, wakipalilia, na kisha wakilinda mavuno juu ya madungu ili ndege na nguruwe wasiyamalize. Hata mtoto wa miaka saba ana kazi yake, nayo ni kupiga debe na kupiga kelele. Katika miezi hiyo hakuna wachezaji kumi na mmoja wa kukusanyika mahali pamoja, wala hakuna ardhi kavu ya kuchezea. Basi mpira kwetu ni mtoto wa kiangazi: huzaliwa Julai na hufa mvua za kwanza zinapoanguka.

Kiwanja chetu kilikuwa cha udongo mtupu. Mistari yake tuliichora kwa pumba za mpunga, maana pumba ndicho kitu ambacho Ifakara hakijapata kupungua. Nyuma ya kila mashine ya kukoboa pana kilima chake. Magoli yalikuwa ya miti, wala hayakuwa na nyavu. Nakumbuka ya kuwa miaka ileile vyandarua vya kujikinga na mbu vilikuwa vikienezwa kwa bidii kubwa katika wilaya zetu mbili za Kilombero na Ulanga, na mzee mmoja mcheshi alikuwa akisema kwamba siku hizi mbu haingii ndani ila mpira unaingia na kutoka utakavyo. Twalicheka. Sikujua kuwa maneno yale yangenihusu mimi.

Nalikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alikaanga vitumbua alfajiri, nami nalijifunza kuziba pancha na kunyoosha rimu. Jioni nalidaka mpira bila glavu. Na katika msikiti wetu mdogo, kwa kuwa Mwenyezi Mungu alinijalia sauti, mimi ndiye niliyeadhini. Nayataja haya si kwa kujisifu. Bila haya, kisa changu kisingekuwa kisa, kingekuwa mpira tu.

Mwaka ule mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa umeshikwa na homa ya mpira. Mtibwa Sugar ya Turiani ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999, ikautwaa tena mwaka 2000, na kila kijana wa bonde aliyeweza kupiga danadana tano alijiona yu njiani kwenda Mtibwa. Mashindano yetu yalikuwa madogo mno, ya timu za mitaa na vijiji, lakini mwenye mashine moja ya kukobolea alikuwa ametoa ng'ombe dume awe zawadi ya mshindi. Maalim wetu aliuliza kwanza kama ng'ombe yule alinunuliwa kwa michango ya timu zenyewe, kwa maana kuwekeana mali kisha mmoja akaichukua yote ni jambo jingine. Alipoambiwa kwamba mtu ametoa katika mali yake mwenyewe, hakusema neno tena.

Fainali ilichezwa Jumapili moja ya mwezi wa Septemba. Wapinzani wetu walitoka ng'ambo ya mto, katika kijiji kimoja kilicho kwenye njia ya Mahenge, ambacho sitakitaja jina. Siku zile hapakuwa na daraja. Ukitaka kuvuka ulikwenda Kivukoni, ukangoja pantoni, na kama pantoni ilikuwa mbovu ukapanda mtumbwi na kumwomba Mungu akuepushe na viboko. Watu wa ng'ambo walianza kuvuka tangu asubuhi, wanaume kwa wanawake, baiskeli kwa ngoma. Daraja la sasa, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018, na vijana wanaolipita leo kwa bodaboda hawawezi kukisia jinsi timu iliyovuka mto ule ilivyokuja na moyo wa vita.

Twalisali Alasiri mapema, tukaingia uwanjani. Bao letu lilipatikana kabla ya mapumziko kwa kona iliyompita kila mtu ikamgonga mwenzetu begani. Hata yeye hakujua kuwa amefunga. Kipindi cha pili kilikuwa chao chote. Walikuwa na kijana mmoja mwembamba, mchezaji wa mguu wa kushoto, asiyesema na mtu wala kulalamika kwa refarii. Kila mpira uliomfikia ulitulia kama kuku aliyeshikwa na mwenyewe. Mara tatu alipiga, mara tatu nikaokoa, na hizo tatu naapa zilikuwa za kweli.

Zikabaki dakika chache. Watazamaji wa upande wetu walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya mstari wa pembeni kwa hamu, wakamsukuma mshika kibendera hata akaanguka. Wakati uleule ikaja krosi kutoka kulia. Kijana yule hakuusubiri utue. Aliupiga hewani kwa mguu wake wa kushoto. Nalijitupa nikaukosa. Ukapiga mwamba kwa chini, ukashuka.

Nalikuwa nimelala chini, uso wangu ukielekea golini, wala hapakuwa na mtu duniani aliyeuona mpira ule kwa karibu kama nilivyouona mimi. Ulitua nyuma ya mstari. Baina ya mpira na zile pumba palikuwa na udongo mtupu, upana wa shubiri moja. Nikanyosha mkono nikauvuta, nikaulalia. Na nilipokuwa naulalia, goti langu likapangusa pumba. Sitasema kwamba lilipangusa lenyewe.

Ukazuka ukelele pande zote. Refarii alikuwa mbali, karibu na duara la katikati, akaja akikimbia huku akihema. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mimi alinifundisha darasa la nne. Alimtazama mshika kibendera wake, akamwona ndiyo kwanza anainuka na kujikung'uta vumbi. Alitazama mstari, mstari haukuwapo. Basi akanitazama mimi. Watu wakanyamaza.

"Mwanangu, mpira umeingia?"

"Haukuingia, mwalimu."

Akawageukia wapinzani waliokuwa wamemzunguka, akasema kwa sauti ya darasani, "Huyu nimemfundisha mimi. Ndiye muadhini wao. Hawezi kusema uongo kwa ajili ya ng'ombe." Nahodha wao, mtu mzima kidogo kuliko sisi, naye ni Mwislamu, alinitazama kitambo. Kisha akawaambia wenzake, "Kama muadhini amesema, basi," akarudi nyuma. Wote wakarudi. Yule kijana wa mguu wa kushoto alikuwa wa mwisho kuondoka. Hakusema kitu.

Sheria ya mpira ni nyepesi katika jambo hili: bao ni bao pale mpira mzima unapovuka mstari mzima, baina ya milingoti na chini ya mwamba. Taabu ni ya macho. Katika fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Wembley tarehe 30 Julai 1966, mpira wa Hurst ulipiga mwamba ukashuka vilevile, refarii akamwuliza mshika kibendera, Bahramov wa Azerbaijan, naye akakubali kuwa ni bao. Waingereza na Wajerumani wanabishana hata leo. Lakini wale wana udhuru, kila mmoja alisema alivyodhani ameona. Tarehe 27 Juni 2010 nalikuwa katika banda la televisheni hapa Ifakara, tumebanana kama dagaa, tukitazama Ujerumani na Uingereza zikicheza huko Bloemfontein. Lampard alipiga, mpira ukagonga mwamba, ukatua ndani waziwazi, ukatoka. Banda zima likapiga kelele. Mimi sikumtazama Lampard wala refarii. Nalimtazama mlinda mlango wa Wajerumani, Manuel Neuer, akiudaka mpira na kuuendeleza upesi kama kwamba halikuwa jambo. Bao halikuhesabiwa, Ujerumani ikashinda manne kwa moja. Baadaye alisema mwenyewe kwamba alijua umevuka, na kwamba ile haraka yake ndiyo iliyomdanganya refarii. Nikaondoka bandani kabla ya wenzangu. Mwaka 2012 wakubwa wa mpira waliruhusu mitambo ya kuchunguza mstari wa goli, na katika Kombe la Dunia la 2014 ikatumika. Sisi bado tuna pumba. Na Neuer, tuseme kweli, hakuna aliyemwuliza. Mimi naliulizwa.

Kipenga kikalia. Nikabebwa juu juu hata mtaani. Magharibi ikaingia tukiwa bado njiani na ngoma, wakanishusha mlangoni pa msikiti nikaadhini. Sauti yangu ilitoka nzuri kuliko siku zote. Nalidhani itakwama, haikukwama, na hilo ndilo lililonitisha.

Ng'ombe alichinjwa siku ya pili. Wachezaji wakagawana, na kwa heshima ya mkono wangu nikapewa paja zima. Mama alipoliona alishika kifua. Hatukuwa watu wa nyama kila wiki. Kitoweo chetu kilikuwa perege na kambale wa mtoni, na mara nyingi mchicha. Alipika pilau, akawaita majirani wanne, akamwambia kila mmoja, "Hili ni jasho la mwanangu." Wapo watu ambao, wakisimulia kisa kama hiki, husema kwamba chakula kiliwakaa kooni. Mimi nalikula. Nalikula nikashiba, nikaomba ukoko.

Siku zikapita. Nikangoja jambo lile lisahaulike, likawa linakua. Watoto wa madrasa wakaigiza kudaka kwangu barabarani. Mwalimu yule, refarii, tulipokutana sokoni akanishika bega mbele ya watu, akasema mtaa wenye kijana mkweli una hazina. Ndugu wasomaji, nimepata kugongwa na pikipiki, lakini mkono ule begani uliniuma zaidi.

Oktoba ikafika. Tarehe 14 Mwalimu Nyerere alifariki huko London, na nchi nzima ikaingia katika maombolezo ya siku thelathini. Michezo ikasimama, redio ikapiga nyimbo za huzuni usiku na mchana, watu wakakaa barazani wakizungumza kwa sauti ya chini. Katika kimya kile nalijisikia vizuri zaidi kuliko nilivyopenda.

Ukaingia mwezi wa Shaaban. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Desemba, na kama ilivyo desturi yetu, watu walianza kupitiana majumbani kuombana radhi kabla ya kufunga. Mama alinituma kwa mama mdogo, akanituma kwa jirani tuliyegombana naye kwa ajili ya mbuzi. Kila nilikofika nalisema, "Nisamehe niliyokukosea," nao wakasema, "Tumesameheana." Maneno mepesi, maana kwao sikuwa na kitu. Usiku mmoja, baada ya Isha, nikabaki nyuma nikamsaidia Maalim kukunja mikeka.

"Maalim," nikamwambia, "mtu akichukua kitu cha mtu, kisha akatubu kwa Mola wake, imekwisha?"

"Mwenyewe yupo hai?"

"Yupo."

"Basi haijakwisha. Amrudishie."

"Na kama kimekwisha kuliwa?"

Maalim akaendelea kukunja mkeka, akaufunga kamba, akausimamisha pembeni. "Nilikuwapo uwanjani siku ile," akasema. "Nilikuwa nyuma ya goli lile jingine, mbali. Sikuona kitu. Pantoni ya kwanza huondoka saa kumi na mbili asubuhi."

Hapa lazima nikiri jambo. Katika watu wawili niliowakosea, nalimwendea mmoja tu. Kwa mwalimu sikwenda. Kila mara nilijiambia nitakwenda wiki ijayo, na kwa kuwa yeye ndiye aliyenisifu, kumwambia kulikuwa kugumu mara mbili. Alifariki mwaka 2006. Nalibeba jeneza lake pamoja na wengine waliosoma kwake, na khatibu akawauliza watu kama kuna anayemdai. Sikujua la kujibu, maana mdaiwa alikuwa mimi.

Lakini mto nalivuka. Ilikuwa mwisho wa Novemba, mawingu yamejikusanya juu ya Udzungwa, na mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha usiku. Nalipakia baiskeli yangu juu ya pantoni pamoja na magunia, kuku, na bibi mmoja aliyekuwa akitoka hospitali. Upande wa pili barabara ilikuwa ya mchanga, ikapita katika majani marefu yaliyoanza kuchipua upya baada ya kuchomwa. Nikawaona sheshe kwa mbali wamesimama wakinitazama. Nalipanga maneno. Nilipofika kijijini nalikuwa nimekwisha kuyasahau yote.

Nahodha nalimkuta chini ya mwembe, anashona gunia. Alinitambua mara moja, akaitikia salamu, akaagiza nipewe maji. Nikamwambia kabla sijayanywa, "Mpira ule uliingia."

Alinitazama hata nikadhani atanipiga. Kisha akacheka, akacheka hata kofia ikamwanguka. "Kunywa maji, ndugu yangu," akasema. "Wachezaji wetu wawili siku ile hawakuwa wetu. Mlinzi wa katikati na yule mrefu wa mbele tuliwakodi, tukawaambia waseme ni wapwa zangu. Nyinyi mmekula ng'ombe kwa uongo, na sisi tungemla kwa mamluki. Tumelipana. Tusameheane, tufunge Ramadhani yetu."

Tukapeana mikono. Nikanywa maji yale kwa pumzi moja, nikaona mzigo umenitoka kwa urahisi ambao sikuutarajia. Nikashika baiskeli yangu. Naye akaokota kofia yake, akaipangusa, na kicheko kikamwisha.

"Ila yule kijana," akasema.

Nikauliza ana nini. Akanieleza. Kijana yule alikuwa na mjomba wake Ifakara, na usiku wa kuamkia fainali alilala kwake ili apumzike na safari. Waliporudi kijijini wamefungwa, watu wakaanza kuhesabu. Muadhini amesema mpira haukuingia, na mwalimu amemshuhudia kuwa si mwongo, basi haukuingia. Na kama haukuingia, mchezaji hodari kama yule, goli likiwa wazi na mlinda mlango yu chini, aligongaje mwamba? Wakasema amenunuliwa. Wakasema mjomba alimpa fedha. Mtu yeyote aliyepata kucheza mpira anajua kwamba hakuna binadamu awezaye kugonga mwamba kwa makusudi kwa mpira wa hewani; lakini watu wenye hasira hawapigi hesabu ya namna hiyo. Wakamvua jezi, wakamnyang'anya na viatu, kwa kuwa vilikuwa vya timu. Mama yake akawa akipita kisimani wanawake wananyamaza.

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Miezi miwili nalihesabu nimekula nini. Sikupata kuuliza nani ameliwa.

Nahodha alinionyesha njia, hakunifuata. Nyumba ilikuwa ya mwisho, karibu na mashamba, kuta za udongo na paa la nyasi, na mbele yake kichuguu kikubwa kilichoota mti. Kijana alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, anatia mpini katika jembe. Shingoni alivaa rozari. Alikuwa Mkristo, kama walivyo wengi katika bonde letu, na Maalim aliponiambia nirudishe haki kwa mwenyewe hakuniuliza mwenyewe ni wa dini gani. Alinyanyua macho akaniona. Hakuinuka.

"Karibu," akasema.

Nikasimama palepale. Nikasema, "Mpira wako uliingia. Nilikuona ukiupiga, nikauona ukitua. Nalisema uongo."

Aliweka jembe chini polepole. "Uliingia kiasi gani?" akauliza.

Nikainama nikachora mstari ardhini kwa kidole, nikaweka kiganja changu nyuma yake, nikakipanua. "Shubiri."

Akatazama kiganja kile kitambo. Akainuka, akaja, akachutama, akaweka na chake kando ya changu, akapima. "Mimi niliona kama kidogo zaidi," akasema. "Lakini nilikuwa mbali." Kisha akageuka, akaita kwa nguvu kuelekea ndani, na sauti yake ikakatika katikati: "Mama! Mama, njoo usikie!"

Mama yake akatoka, mikono ina unga. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitika. Kijana akaniambia, "Sema tena." Nikasema tena, yote, pamoja na habari ya goti na pumba. Yule mama alisikiliza huku akijifuta mikono katika kanga yake, kidole kimoja kimoja. Hakulia wala hakunilaani. Aliuliza neno moja tu.

"Wewe ndiye yule wanayesema ni muadhini?"

"Ndiye mimi, mama."

"Una sauti, basi." Akanyosha mkono kuelekea kichuguu, na ng'ambo ya kichuguu zilionekana nyumba nyingine za kijiji, na watu waliokuwa wakirudi kutoka mashambani na majembe mabegani. "Panda pale," akasema. "Hapa wawili tumekwisha kusikia."

Nikapanda. Udongo ulikuwa umelowa, nikateleza mara moja nikashika mti. Nilipofika juu naliinua viganja vyangu masikioni kwa mazoea, nikakumbuka nilipo, nikaviteremsha. Watu wa njiani wakasimama. Nikalisema jina la kijana yule na la baba yake kama alivyonitajia, nikasema mpira uliingia, nikasema mimi ndiye niliyeuvuta. Mama yake alikuwa bado amesimama chini.

"Upande wa kule hawajasikia," akasema.

Nikageuka upande wa kule.